Namba Sita Hana Safu Yake

Mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2023/24 hakuwa namba tisa. Alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, kiungo mshambuliaji, mabao 21. Aliyemfuata, Feisal Salum wa Azam, mabao 19, naye ni kiungo. Tena huyo watu wa Yanga walimzoea akiwa na namba 6 mgongoni. Msimu uliofuata Kiatu cha Dhahabu kikaenda kwa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, kiungo vilevile. Hapa Usevya, kwenye kijiwe cha bodaboda, vijana wakafunga mjadala mapema: mastraika wa siku hizi wamekwisha. Mimi hoja hiyo naikataa. Baadhi ya mabao ya Aziz Ki na Ahoua yalikuwa ya penalti, na mabao ya penalti hayasemi lolote juu ya namba tisa kusimama katikati ya mabeki wawili na kuwavuta ili kiungo apate nafasi. Anayetaka kujua kama namba tisa wamekwisha awapime namba tisa kwa namba tisa wenzao, kwa kazi wanayotumwa kufanya. Nchi yetu imecheza ligi tangu 1965, na kipimo cha namna hiyo tumekianza juzi tu.

Nimefundisha shule za msingi za bonde hili la Rukwa, upande wa Mpimbwe, tangu Usevya ikiwa wilaya ya Mpanda na Mpanda ikiwa mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012, mimi nywele zimeshaanza kubadilika. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 ndio ulioniingiza ualimu, kama wenzangu wengi wa rika langu, na kila shule niliyopangiwa nilisimamia michezo. Daftari la mpira sijawahi kuliacha. Ninayoyaandika hapa ni historia ya kuhesabu wachezaji, jinsi ilivyopita kwetu, na wapi imewasahau watu.

Tuanze na namba zenyewe, maana kwetu nafasi ya mchezaji ni namba. Ukimwita kijana "namba tatu", hata awe amevaa jezi ya 27, kila mtu uwanjani anajua ni beki wa kushoto. Desturi hiyo ina chanzo na ina tarehe. Agosti 1928 Arsenal walivaa namba mgongoni walipocheza na Sheffield Wednesday. Fainali ya Kombe la FA ya 1933 ilichezwa kwa namba 1 mpaka 22, timu moja ikianzia 1 na nyingine ikiishia 22. Mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikaamuru kila timu ivae 1 mpaka 11. Katika hesabu hiyo mabeki walikuwa wawili, 2 na 3. Mbele yao walisimama mahafu watatu, 4, 5 na 6. Kisha washambuliaji watano kutoka 7 hadi 11. Hesabu ilianzia golini kwenda mbele, kulia kwenda kushoto, basi.

Ila mpira ulikuwa tayari umeanza kuwahamisha watu. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925 washambuliaji walipata uhuru mkubwa, na Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha namba tano nyuma, katikati ya mabeki wawili, awazibe. Baadaye, timu zilipoanza kucheza na mabeki wanne, mmoja mwingine wa mahafu naye alirudi. Hapo kila nchi ikachagua mtu wake. Waingereza walimrudisha namba sita, wakamwacha namba nne kuwa kiungo. Argentina mabeki wao wa kati wakawa 2 na 6, na namba tano akabaki kiungo mkabaji mpaka leo. Sisi tulimrudisha namba nne. Ndiyo maana mabeki wetu wa kati ni nne na tano, na namba sita akabaki peke yake mbele yao, na uwanja mzima ukiwa umemfungukia usoni.

Wazee walionifundisha mpira walikuwa wamefanya kazi Mpanda, kwenye mgodi wa madini ya risasi na kwenye reli ya tawi inayotoka Kaliua. Walisema fulbeki, sentahafu, insaidi, sentafowadi. Walipanga timu kwa kugawa namba kabla ya kugawa majina: walichora kumi na moja chini kwa kijiti, kisha wakamwita mtu kwa kila namba. Mwenye mguu wa kushoto alipewa tatu au kumi na moja bila mjadala. Mrefu asiyeogopa kuumia alipewa tano. Mwenye mbio alikuwa saba. Tisa alipewa mwenye shuti. Sita walimpa mtu ambaye sifa yake hawakuitaja kwa neno moja. Walisema tu, "huyu anaona".

Sasa tazama kilichohesabiwa na kilichopotea.

Mabao yalihesabiwa. Nani mpenzi wa mpira wa umri wangu asiyejua kwamba Simba waliifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, na kwamba Abdallah Kibadeni alifunga matatu siku hiyo? Nani asiyejua bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, sare ya 1-1 na Zambia iliyoipeleka Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos? Mohamed Hussein, yule waliyemwita Mmachinga, alifunga mabao 26 akiwa na Yanga mwaka 1999, na robo karne baadaye rekodi hiyo bado inasimama. Meddie Kagere wa Simba aliikaribia kwa mabao 23 msimu wa 2018/19. Hesabu hizo zimehifadhika kwa sababu bao huandikwa mara tatu: mwamuzi analiandika, gazeti linaliandika, na shabiki anaondoka nalo kichwani.

Lakini Leodegar Tenga na Jella Mtagwa, walinzi wa kikosi kile cha Lagos, waliondoa mipira mingapi? Hakuna karatasi. Sunday Manara wa Yanga, aliyefika mpaka Uholanzi kucheza mpira wa kulipwa miaka ya sabini, aliitwa Computer kwa sababu ya akili yake na pasi zake, na jina hilo ndiyo takwimu pekee tuliyobaki nayo. Hilo linaniuma. Mtu anaitwa kwa jina la mashine ya kuhesabu, na hakuna aliyehesabu pasi zake hata mechi moja.

Tulichokuwa nacho ni redio. Magazeti yalikuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora, na yalipofika huku bondeni matokeo yalikuwa yamezeeka. Redio Tanzania ilitufikia saa ileile. Tuliwasikiliza akina Ahmed Jongo, baadaye Charles Hilary, tukiwa tumezunguka redio moja ya betri, na mimi nikiwa na daftari gotini. Mtangazaji mzuri wa zama zile alikuwa anakuonyesha uwanja: mpira uko kwa nani, upande gani, anamtazama nani, amenyang'anywa na nani. Kila alipotaja jina la anayenyang'anya, nilichora mstari mbele ya jina hilo. Mechi ikiisha nilikuwa na mistari ya mtangazaji, si ya mpira wenyewe, maana yeye huwataja zaidi walio karibu na goli. Hata hivyo, mistari ile ilinionyesha jambo ambalo jedwali la wafungaji lisingenionyesha kamwe: jina la namba sita lilikuwa likirudi tena na tena, kila kona ya uwanja, na halikuwa kwenye gazeti la Jumatatu.

Wako waliofanya kazi hii mapema kuliko sisi. Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, aliwahi kukaa uwanjani Swindon tarehe 18 Machi 1950, na kipindi cha pili akatoa kalamu na karatasi akaanza kuandika kila shambulio kwa alama zake mwenyewe. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi. Reep alipenda mipira mirefu na hesabu zake zikamwambia alichopenda. Wengi wamemkosoa kwa hilo, na wana haki. Aliipima timu kwa jumla, pasi ngapi mpaka bao. Hakukaa na kuuliza namba fulani kazi yake ni ipi na ameifanya kwa kiasi gani.

Swali hilo nililiona likijibiwa vizuri kwenye mchezo ambao Katavi hauchezwi kabisa. Mpwa wangu anaishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mji wenye timu kubwa ya raga ya watu 13, ile wanayoiita rugby league. Amenitumia majedwali ya mechi zao, na nimekaa nayo jioni nyingi. Raga hiyo ilijitenga na ile ya watu 15 mwaka 1895, katika mkutano uliofanyika hotelini mjini Huddersfield. Klabu za kaskazini zilikuwa za wafanyakazi wa migodi na viwanda, walitaka mchezaji alipwe fidia ya siku anayokosa kazini, na wakubwa wa London wakakataa. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Baadaye wakaweka ukomo: timu ikishika mpira inakabwa mara nne tu, kisha, kuanzia miaka ya sabini, mara sita, baada ya hapo inaupoteza. Kwa hiyo mwamuzi mwenyewe anahesabu ukabaji kwa sauti na kwa mkono. Mchezo uliojengwa juu ya hesabu ya kukaba haukosi kujua nani amekaba.

Na namba zao ni nafasi, kama zetu. Moja ni beki wa mwisho. Mbili na tano ni mawinga, hao ndio wafungaji. Sita na saba wanaongoza mchezo. Nane na kumi ni wale mijitu ya mstari wa mbele wanaobeba mpira kifua mbele kuwagonga wapinzani, mita kwa mita. Tisa, kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu ndio wanaokaba kutwa. Kwenye jedwali la mpwa wangu kila mmoja ana safu yake: aliowakaba, aliokosa kuwakaba, mita alizobeba na mpira, pasi zilizozaa alama, makosa ya mikono. Winga mwenye alama nyingi anaweza kuwa na ukabaji wa kuhesabu kwa vidole. Namba kumi na tatu anaweza kumaliza msimu bila kugusa mstari wa goli na bado wakampa heshima ya kwanza, kwa sababu karatasi inaonyesha alichofanya. Hakuna anayemlaumu namba nane kwa kutofunga. Wanamlinganisha na namba nane wa timu nyingine, tena kwa dakika walizocheza, kwa kuwa namba nane huchoka na kutolewa, na dakika 50 haziwezi kupimwa sawa na dakika 80.

Hapo ndipo nilipopanga upya daftari langu. Zamani nilikuwa na ukurasa mmoja wa timu nzima. Sasa kila nafasi ina ukurasa wake. Kipa: mashuti aliyookoa, mipira ya juu aliyoifuata na kuipata, na pale alipopeleka mpira aliporusha au kupiga. Mbili na tatu: mara walizopitwa na winga, krosi walizopeleka zikafika. Nne na tano: vichwa walivyoshinda na walivyoshindwa. Saba na kumi na moja: mara walizompita beki na mara walizopoteza wakijaribu. Tisa: mashuti yaliyolenga goli, na mipira aliyoipokea akiwa amelipa goli mgongo akaituliza mpaka wenzake wakafika, kwa sababu hiyo ni nusu ya kazi yake na ndiyo nusu isiyoonekana. Sita: mipira aliyonyang'anya, mipira aliyoizuia njiani kabla haijafika kwa mtu, na pasi yake ya kwanza baada ya kuupata, imeenda mbele, pembeni au nyuma.

Mechi zetu huchezwa zaidi kiangazi, baada ya mpunga kuvunwa, vijana wakiwa na nafasi na kukiwa na mbuzi wa kushindania. Vumbi la Julai si mchezo. Upepo ukipiga huwezi kusoma namba ya jezi, na timu nyingi za mchangani hazina jezi zenye namba kamili. Kwa hiyo mimi huwapanga wanafunzi wa darasa la sita na la saba wawili wawili, kila jozi ikimfuata mchezaji mmoja tu kwa dakika zote 90. Mmoja anatazama na kutamka, mwingine anachora mistari. Mtoto anayetazama haruhusiwi kushangilia bao. Kanuni hiyo wanailalamikia kila mara, na kila mara naisimamia, kwa sababu bao likifungwa huku ndipo namba sita anapokimbia kurudi mahali pake kule, na hilo nalo tunalitafuta.

Kuna tahadhari moja ambayo watoto huielewa haraka kuliko watu wazima. Mistari mingi ya kunyang'anya mpira haimaanishi namba sita bora. Timu inayoshambuliwa saa nzima humpa kiungo wake mipira mingi ya kunyang'anya. Timu inayomiliki mpira humnyima. Namba sita wa Yanga anayecheza na timu ya mkiani anaweza kuonekana mvivu kwenye jedwali, na yule wa timu ya mkiani akaonekana simba, ilhali wamepewa mechi tofauti kabisa. Ni lazima ujue kwanza mpinzani aliushika mpira kwa muda gani, kisha ndipo ugawe. Makipa nao wana shida hiyohiyo. Msimu huohuo wa 2023/24, tuzo ya kipa bora ilikwenda kwa Ley Matampi wa Coastal Union, aliyempita Djigui Diarra wa Yanga mabingwa kwa mechi alizomaliza bila kuruhusu bao. Ni heshima anayostahili. Lakini mechi isiyo na bao ni kazi ya kipa, nne, tano na sita kwa pamoja, na wengine wote hawakuandikwa kwenye tuzo ile.

Tangu mechi za ligi zianze kuonyeshwa kwa wingi kwenye televisheni ya Azam, na hasa baada ya mkataba wa 2021 wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, mambo yamebadilika. Kamera haichagui jina kama mtangazaji wa redio. Unaweza kumfuata mtu mmoja. Ninaona matunda yake tayari. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga 17, Fiston Mayele wa Yanga 16, na bado mchezaji bora wa msimu alikuwa Yannick Bangala wa Yanga, mtu aliyecheza namba sita leo na beki wa kati kesho. Yanga walichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na mfululizo wao ukafika mechi 49 ndipo Ihefu wakaukata Novemba 2022. Waliompigia kura Bangala waliona kazi. Kwa macho yangu, ule ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko watu walivyoutambua.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF ilichezwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, 25 Julai 2021. Kwetu Katavi fainali hiyo ilikuwa jirani, njia ya Uvinza, na wengi walikwenda. Yanga walibaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Simba wakashinda 1-0. Mfungaji alikuwa Taddeo Lwanga, Mganda, kiungo mkabaji, kwa kichwa cha mpira wa kona. Kila mtu alirudi na bao la Lwanga. Ndiyo jambo ambalo namba sita analazimika kulifanya katika nchi hii ili akumbukwe: afanye kazi ya mtu mwingine. Yale aliyofanya kabla ya kona ile, dakika zaidi ya 70 za kuziba, kusukuma na kugawa, kijiweni hapa hakuna aliyeyasimulia.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa michezo, wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kutoka shule mpaka mkoa. Mnapochagua kikosi cha wilaya, msiulize tu nani amefunga. Mpeni kila mtoto ukurasa wa nafasi yake na muulinganishe na ukurasa wa wenzake wa namba ileile, kwa dakika sawa. Na kwa Bodi ya Ligi: takwimu za mechi zichapishwe kwa nafasi, ziwe wazi kwa kila mtu, kipa na kipa, beki wa kushoto na beki wa kushoto, sita na sita. Mwenye daftari kijijini atazinakili. Gharama ya kuanza ni daftari moja, kalamu mbili na watoto wawili wenye macho makali. Anzeni na namba sita.